Bima ya Gari la Matembezi Isomwe Kabla ya Kupanda Mlima

Kila likizo inapokaribia, vyama vya wanafunzi katika shule na vyuo vyetu huanza kupanga matembezi ya milimani. Chama cha jiografia kinataka kulitazama Bonde la Kerio kutoka ukingoni mwa Iten. Chama cha mazingira kinataka kulala katika mahema karibu na lango la Sirimon, chini ya Mlima Kenya. Walimu nao, wakiwa wamechoshwa na chaki na usahihishaji wa mitihani, hukusanyana wakakodi gari la kuwapeleka Aberdare au Elgon pamoja na jamaa zao. Huu ni utamaduni mwema unaostahili kuendelezwa. Chakula hupangwa, mahema huhesabiwa, na barua za wazazi hutiwa sahihi. Gari likifika, mwenye dhamana ya safari hulizunguka, akatazama magurudumu, akatupa jicho kwenye stika ya bima, akaona kwamba tarehe haijapita, kisha akasema, "Twendeni."

Nasema hivi kwa kuwa mimi pia niliwahi kusema "Twendeni."

Miaka kadhaa iliyopita niliwaongoza wanafunzi 11 wa isimu hadi nyanda za juu za Mlima Elgon kurekodi mazungumzo ya wazee Wasabaoti. Chuo hakikuwa na basi siku hiyo, kwa hiyo tulichukua nisani ya mtu tuliyefahamiana naye, na kila mwanafunzi akatoa fedha kidogo za petroli na za dereva. Tulipoipita Kapsokwony mvua ilitunyea, barabara ya udongo ikawa kama sabuni, na kwenye mteremko mmoja gari likateleza likalala mtaroni. Hakuna aliyefariki, Mungu ashukuriwe. Hata hivyo, msichana mmoja alivunjika mtulinga, na mvulana mmoja akapoteza meno mawili ya mbele. Tulipowasilisha madai ya fidia, kampuni ya bima ilitujibu kwa barua ya aya mbili. Ilisema kwamba gari lile lilikuwa limekatiwa bima kwa matumizi ya kibinafsi na ya starehe pekee, na kwamba abiria waliotoa fedha walikuwa wamebebwa kwa malipo. Hivyo basi kampuni haikuwa na wajibu wowote kwao.

Mwenye gari alijitetea kwamba fedha zile hazikuwa nauli bali mchango. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nilimuunga mkono papo hapo. Katika Kiswahili mtu atoaye mchango ni mshirika katika shughuli, na mtu atoaye nauli ni mteja wa mwenye chombo. Hakuna Mkenya aliyekulia katika harambee atakayeyachanganya maneno hayo mawili. Lakini mkataba haukuandikwa kwa Kiswahili. Uliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na neno lililotumiwa humo lilikuwa pana kiasi cha kuyameza yote mawili.

Hata kama tungeshinda hoja hiyo, tungetumbukia katika shimo la pili. Sheria inayosimamia bima ya magari kwa ajili ya madhara wanayopata watu wengine, yaani Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, humlazimu mwenye gari kuwa na bima ya vifo na majeraha anayoweza kuwasababishia watu wengine barabarani. Haimlazimu kuwakatia bima abiria waliomo ndani ya gari lake, isipokuwa gari hilo linabeba watu kwa malipo au linawabeba kwa mujibu wa mkataba wa kazi. Kwa hiyo fedha zetu zikiitwa nauli, tumeyavunja masharti ya mkataba; zikiitwa mchango, sheria haikumlazimu mtu yeyote kutukatia bima, na mkataba wenyewe haukuwa na kifungu cha abiria. Hospitali ililipwa kwa harambee iliyofanywa na wahadhiri, wanafunzi na wazazi. Harambee ni fahari ya taifa hili, lakini haifai kugeuzwa kuwa ndiyo bima ya mtoto wa mtu.

Hoja yangu leo, basi, ni moja. Bima ya gari la matembezi huchaguliwa kwa maneno ya mkataba. Bei na stika huja baadaye. Na madhali ni hivyo, mkataba huo sharti uandikwe katika lugha anayoielewa vyema yule anayeulipia.

Kuna watakaosema kwamba ninaikuza ajali moja ndogo ya mtaroni. Watazame kumbukumbu za barabara zetu za milimani. Mnamo Oktoba 2018 basi liliacha barabara karibu na Fort Ternan, katika Kaunti ya Kericho, na zaidi ya watu 50 wakafariki. Mnamo Julai 2022 basi lilitumbukia kutoka daraja la Nithi, katika barabara ya Meru, na zaidi ya watu 30 wakaangamia. Mnamo Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo katika njia panda ya Londiani liliyaponda magari na wachuuzi, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Mlima una kanuni zake. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali sakafu ya Bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake, na gari huteremka kimo hicho chote kwa kona za ghafla katika safari fupi. Dereva wa uwandani asiyejua kushuka kwa gia nzito hukanyaga breki muda wote hadi zikapata moto na kuacha kushika. Mvua nayo huleta ukungu, utelezi na maporomoko ya ardhi. Mnamo Novemba 2019 maporomoko katika Kaunti ya Pokot Magharibi yaliwaua makumi ya watu na kuyasomba madaraja. Anayechagua bima ya safari kama hiyo hana budi kuuliza maswali ambayo mkazi wa mjini, aendaye kazini na kurudi, huenda asiyahitaji maishani mwake.

Swali la kwanza ni aina ya bima. Bima ya mtu wa tatu, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, humfidia yule aliyeumizwa na gari. Haimpi mwenye gari hata ndururu ya kulitengeneza gari lake. Isitoshe, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2006, kiasi ambacho kampuni inalazimika kulipa kwa madai ya mtu mmoja kina kikomo cha shilingi 3,000,000. Bima kamili hulipia pia uharibifu wa gari lenyewe, moto na wizi, na bei yake hukokotolewa kama asilimia ya thamani ya gari. Wengi husikia neno "kamili" wakadhani hakuna kilichoachwa nje. Hapo ndipo neno linapotuhadaa, kwani "kamili" katika bima maana yake ni pana kuliko nyingine. Si kwamba ina kila kitu.

Swali la pili ni matumizi. Kila mkataba una kifungu kinachotaja gari litatumiwa kwa kazi gani. Gari lililoandikishwa kwa matumizi ya kibinafsi likibeba chama cha wanafunzi kwa fedha, kampuni imepata mwanya wa kutokea. Mwalimu anayekodi gari na amwombe mwenye gari nakala ya mkataba, akisome kifungu hicho, na akitafute kile cha abiria. Kama gari ni la kibinafsi na litabeba wanafunzi, mwenye gari aiombe kampuni idhini ya maandishi kabla ya safari, hata kama italazimu kuongeza malipo kidogo. Neno la mdomo la wakala halitoshi, kwani wakala akishauza ataondoka, na karatasi ndiyo itakayobaki kusema.

Swali la tatu ni thamani. Yako magari ya matembezi yaliyoundwa upya: yamefungwa mahema juu ya paa, yamewekewa vitanda, meko na tangi la pili la mafuta. Vyote hivyo vinabadilisha thamani ya gari na hatari inayolikabili, na vikifichwa kampuni ina sababu ya kuyakataa madai. Aidha, mwenye gari akitaja thamani ndogo ili apunguze malipo, anajichimbia kaburi. Tuseme gari lenye thamani ya shilingi 2,000,000 limekatiwa bima ya shilingi 1,000,000, na uharibifu ukawa wa shilingi 400,000. Kampuni itadai kwamba iliibeba nusu tu ya hatari, na kwa hiyo italipa shilingi 200,000 tu. Kutoka katika kiasi hicho itatoa tena sehemu ya kwanza ya hasara, ambayo mkataba humtwika mwenye gari mwenyewe. Sehemu hiyo ya kwanza nayo hutofautiana kati ya mkataba na mkataba, na mara nyingi huongezeka dereva akiwa kijana au akiwa hajakaa na leseni muda mrefu. Bima ya bei nafuu aghalabu ni ile iliyomtwika mwenyewe mzigo mkubwa zaidi, ila hakuambiwa.

Swali la nne ni mambo yenyewe ya mlima. Gari likiporomoka bondeni, nani atalipa gharama ya kulivuta hadi barabarani? Mikataba huweka kikomo cha gharama hiyo, na kikomo kinachotosha kulivuta gari kutoka barabara ya mjini hakitatosha kulitoa katika genge la Tambach. Je, maporomoko ya ardhi na mafuriko yamo ndani ya mkataba au yameachwa nje? Iko mikataba inayoyajumuisha na iko inayoyatenga hadi uongeze malipo. Ubovu wa gari wenyewe, kama vile breki zilizokwisha, haulipiwi na bima ya kawaida. Kampuni inaweza pia kuyapinga madai ikibainika kuwa gari lilikuwa bovu kabla ya safari au limebeba watu kupita kiasi. Mahema, kamera na mifuko ya kulalia iliyomo garini si sehemu ya gari, na mwenye kuvitaka vilipiwe sharti avikatie bima yake.

Swali la tano ni mpaka. Mlima Elgon umelala nusu Kenya na nusu Uganda, na wako wanafunzi wanaovuka kwenda kuuona Kilimanjaro upande wa Tanzania. Cheti cha Kenya peke yake hakitoshi huko. Kuna kadi ya manjano ya COMESA, inayotambuliwa Uganda na Tanzania miongoni mwa nchi nyingine, ambayo humlinda dereva dhidi ya madai ya watu wengine na kusaidia gharama za matibabu ya waliomo garini. Kadi hiyo hailipii uharibifu wa gari lako mwenyewe. Mwenye bima kamili naye atazame kama mkataba wake unataja Kenya peke yake au Afrika Mashariki.

Swali la sita ndilo zito zaidi, nalo ni la wanafunzi wenyewe. Mwalimu na dereva wakiumia kazini wanayo Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kwa kifo au ulemavu wa kudumu usiomwachia mtu uwezo wa kufanya kazi huweka fidia ya mapato ya miezi 96. Mwanafunzi aliyeketi kiti cha nyuma ya mwalimu huyo si mwajiriwa, na sheria hiyo haimjui. Mpango wa EduAfya, ulioanzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya wanafunzi wa shule za upili za umma, ulisitishwa mwishoni mwa mwaka 2023. Kwa hiyo anayeongoza safari aulizie bima ya ajali ya kundi, ambayo hukatwa kwa orodha ya majina na kwa siku za safari, na ambayo hulipa bila kungoja mahakama iamue ni nani mwenye kosa. Gharama yake ikigawanywa kwa wasafiri wote huwa ndogo kuliko wengi wanavyodhania. Bima hiyo ingaliwafaa sana wale wanafunzi wangu wawili.

Msomaji ataniuliza: je, mwalimu wa kawaida atayajuaje haya yote? Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo kampuni za bima na serikali zimelifumbia macho. Mikataba mingi ya bima ya magari nchini hutolewa kwa Kiingereza, tena Kiingereza kilichorithiwa kutoka kwa mawakili wa karne zilizopita, chenye sentensi ya mistari tisa isiyo na kituo. Mimi nina shahada ya uzamifu katika isimu na nilizisoma sentensi hizo mara tatu kabla ya kuelewa ni nani aliyeachwa nje. Je, mwenye matatu wa Kapenguria? Je, mwenyekiti wa chama cha wazazi kule Chogoria?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike nazo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, huhitaji kuwa wakili ili kuona vinakoelekea: mtu anayeuziwa ahadi anastahili kuisoma ahadi hiyo kwa lugha ya taifa lake. Naitaka Mamlaka ya Kudhibiti Bima iziagize kampuni zote zitoe, pamoja na kila mkataba wa gari, muhtasari wa Kiswahili usiozidi kurasa mbili, unaoeleza ni nani analipiwa, ni nani halipiwi, kwa matumizi gani, mpaka wapi, na ni kiasi gani mwenye gari atajibebea mwenyewe.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wako watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za bima. Neno bima lenyewe tumelipokea kutoka lugha za Bara Hindi, na neno fidia tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako lilikuwa mali itolewayo kumkomboa mateka. Lugha iliyoyachukua maneno hayo ikayafanya yake haiwezi kushindwa kusema "abiria aliyetoa mchango hatahesabiwa kuwa amelipa nauli." Isitoshe, tumekwisha kuona kwamba katika jambo hilo Kiswahili kilikuwa bayana zaidi kuliko Kiingereza cha mkataba. Wako pia watakaosema kwamba mahakama itafuata maandishi ya Kiingereza, hivyo muhtasari utazua migogoro. Mgogoro tayari upo. Tofauti ni kwamba leo unazuka hospitalini, baada ya ajali, ilhali muhtasari ungeufanya uzuke ofisini kwa wakala, kabla ya fedha kutolewa.

Yako pia malalamiko ya gharama, nayo nayaheshimu. Shule nyingi hazina fedha, na kila shilingi inayoongezwa kwa bima humwondoa mtoto fulani katika orodha ya safari. Hata hivyo, safari isiyomudu kuwalinda wasafiri wake haijakamilisha bajeti yake. Ni heri chama kiende mara moja kwa mwaka kikiwa na karatasi zake sawasawa kuliko kiende mara tatu kikitegemea rehema za barabara.

Na sisi walimu tusingoje Mamlaka. Mkataba wa bima ni matini kama matini nyingine, na una ufahamu, msamiati, sarufi na hata fasihi ya aina yake. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuuleta mkataba wa basi la shule darasani, akawagawia wanafunzi wa kidato cha tatu kifungu kimoja kimoja wakitafsiri, kisha wakamweleza mwalimu mkuu walichogundua. Watajifunza tafsiri kwa jambo linalowahusu mwili na roho. Na huenda wakagundua, kabla ya safari badala ya baada yake, kwamba kiti wanachokikalia hakimo katika mkataba.

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga, na wengi wetu huitumia methali hiyo kama kisingizio cha kutofanya lolote. Tuisikilize vyema. Imesema kinga, haikusema fidia. Bima haizuii gari kuteleza Kapsokwony wala daraja kusombwa na maji. Inachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba msichana aliyevunjika mtulinga hatalala hospitalini akingoja bakuli la mchango lizungushwe. Likizo ijayo, gari likifika na watoto wakiwa tayari na mifuko yao, mwenye dhamana ya safari asiitazame stika peke yake. Auitishe mkataba, aketi, ausome hadi mwisho, na asipouelewa aulize. Ndipo aseme, "Twendeni."